Sehemu ya 6: Mzigo wa makaratasi anaubeba nani?



Tangu niandike ile sehemu ya kliniki ya kwanza ya ujauzito hapa Uingereza, nimepata ujumbe mwingi kuhusu kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Kile kiboksi cha asili. Mkunga anakuuliza wewe ni Mwafrika Mweusi, Mkaribea, Mwasia, Mzungu, au mchanganyiko, halafu anaweka alama. Dada mmoja ameniandikia kwamba mume wake alimkataza kujaza, akamwambia watatumia hiyo hiyo kutubagua. Mwingine akasema, "Nesi, si ni urasimu tu? Hawa watu wanapenda makaratasi."

Nitawajibu, lakini jibu lina historia kidogo, na ndani ya hiyo historia kuna kipindi serikali yenyewe ilikaa chini ikajiuliza swali hilo hilo la huyo dada: hizi sheria za usawa, si ni mzigo tu? Mliolaza watoto chukueni chai. Mnaonyonyesha shikilieni simu kwa mkono mmoja, tunaenda pole pole.

Tuanze na kiboksi. Hapa kuna wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza kila kifo cha mama aliyefariki akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Kazi hiyo inaitwa MBRRACE-UK. Kwa miaka ya 2014 hadi 2016 walikuta kwamba mama mweusi alikuwa na hatari ya kufariki karibu mara tano ya mama mzungu. Mara tano, katika nchi ambayo hospitali ni bure na gari la wagonjwa linakuja ukipiga simu. Ripoti za karibuni zinaonyesha bado ni zaidi ya mara mbili. Imepungua, haijaisha.

Sasa jiulize hiyo namba ilijulikanaje. Ilijulikana kwa sababu kuna mtu alijaza kiboksi. Kwenye unesi tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Vivyo hivyo kifo ambacho hakikuandikwa ni cha mama gani kinabaki kifo tu, kinachanganywa na vingine, na hakuna mkuu wa hospitali atakayeulizwa mbona wa aina hii ni wengi hivi.

Lakini kwa nini hospitali ilazimike kujali? Hapo ndipo sheria inapoingia, na imetokana na uchungu wa mzazi.

Tarehe 22 Aprili 1993, kijana wa miaka 18 aliyeitwa Stephen Lawrence alikuwa anasubiri basi Eltham, kusini mashariki mwa London. Vijana wa kizungu wakamchoma kisu, wakamuua, kwa sababu ya rangi yake. Polisi waliivuruga ile kesi vibaya. Mama yake, Doreen, na baba yake, Neville, hawakunyamaza. Miaka sita baadaye, Februari 1999, ikatoka ripoti ya uchunguzi ya jaji Macpherson ikasema wazi kwamba ndani ya polisi wa London kulikuwa na ubaguzi wa kitaasisi, yaani si askari mmoja mbaya, bali namna nzima ya kufanya kazi. Wawili kati ya waliomuua walikuja kufungwa mwaka 2012. Miaka karibu kumi na tisa mama anasubiri.

Baada ya ile ripoti, mwaka 2000 sheria ya ubaguzi wa rangi ikabadilishwa. Zamani sheria ilikuwa inakusubiri wewe ubaguliwe kwanza, uumie, ndipo ulalamike. Baada ya hapo polisi, hospitali, shule na halmashauri zikapewa wajibu wa kufikiria mapema: huu utaratibu wetu utamuumiza nani? Kwa lugha ya wodini, sheria ilitoka kwenye tiba ikaenda kwenye kinga. Baadaye wajibu kama huo ukawekwa kwa watu wenye ulemavu, kisha kwa jinsia, na mwishowe vyote vikaunganishwa ndani ya Sheria ya Usawa ya 2010.

Sheria hiyo ilikusanya sheria nyingi zilizotangulia, ya malipo sawa ya 1970, ya ubaguzi wa jinsia ya 1975, ya rangi ya 1976, ya ulemavu ya 1995, na nyingine, ikaweka sifa tisa zinazolindwa. Moja ya hizo tisa ni ujauzito na uzazi. Nawaomba mkumbuke hilo hata kama mtasahau mengine yote ya leo. Wewe ukiwa na mimba, hiyo mimba yenyewe inalindwa kisheria.

Sehemu kubwa ya sheria ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2010. Aprili 2011 ule wajibu wa taasisi za umma nao ukaanza. Na mwezi huo huo, jamani, mwezi huo huo wa Aprili, serikali mpya ya mseto ya David Cameron ikafungua kampeni ya kupunguza kanuni. Wenyewe kanuni za aina hiyo wanaziita "utepe mwekundu", kutokana na ule utepe uliokuwa unafungia majalada ya serikali zamani. Kanuni zaidi ya elfu ishirini zikawekwa mtandaoni, wananchi wakaulizwa: ipi ifutwe, ipi ibaki? Sheria ya Usawa nzima nayo ikawekwa humo. Ilikuwa na umri wa miezi sita. Mtoto wa miezi sita ndiyo kwanza anaonja uji, tayari anaulizwa amechangia nini nyumbani!

Nataka niwe mkweli hapa, sipendi kuandika kama vile upande mmoja ni malaika. Makaratasi ni mzigo kweli. Mimi zamu ya saa kumi na mbili na nusu naweza kutumia masaa kadhaa naandika tu, wakati mama pale kitandani anahitaji mtu wa kumshika mkono. Serikali ilipounda kamati ya kupitia ule wajibu wa taasisi za umma, chini ya mwenyekiti Rob Hayward, ripoti yao ya Septemba 2013 ilisema mambo ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi ofisi ya umma anayajua. Kwamba taasisi nyingi zinafanya zaidi ya sheria inavyodai, kwa kuogopa kushtakiwa. Kwamba kampuni ndogo ikiomba zabuni ya halmashauri inadaiwa rundo la nyaraka za usawa kana kwamba inaomba kujenga daraja. Nakubali kabisa. Fomu inayojazwa ili ikae kwenye jalada haijamsaidia mama hata mmoja.

Na juu ya wajibu wenyewe kamati ikasema ni mapema mno kuupima. Basi ukabaki. Cameron yeye alikuwa ameshatangaza mwaka 2012, mbele ya wafanyabiashara, kwamba maofisa wa serikali waache kuandaa zile tathmini za usawa kwa kila jambo.

Ningekuwa nimeishia hapo ningesema haya, wamepunguza makaratasi, nasi tupumue. Ila angalieni ni vitu gani hasa vilivyokatwa.

Cha kwanza, fomu ya maswali. Mfanyakazi aliyehisi amebaguliwa alikuwa na fomu ya kisheria ya kumuuliza mwajiri: kwa nini sikupandishwa cheo? Wanawake wangapi waliorudi kutoka likizo ya uzazi bado wapo? Mwajiri akikaa kimya au akijibu kwa kukwepa, mahakama ya kazi iliweza kuhesabu ukimya huo dhidi yake. Serikali ikasema inawapotezea waajiri muda. Ikafutwa Aprili 2014. Sasa fikiria mama mwenye mtoto wa miezi minne, analala masaa matatu, hana wakili. Majibu yote yamo kwenye kabati la ofisi ya rasilimali watu. Kazi ya kuyatafuta haikufutwa pamoja na fomu. Ilihamia kwake.

Cha pili kinanigusa mimi mwenyewe. Sheria ya 2010 ilisema mwajiri anawajibika pia pale unaponyanyaswa na mtu wa nje, yaani mteja, mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, kama mwajiri anajua imetokea angalau mara mbili kabla na hakuchukua hatua. Wakakifuta kipengele hicho Oktoba 2013. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali ilikuwa inajua kesi moja tu iliyoamuliwa chini yake.

Kesi moja. Nesi yeyote akisikia hivyo anacheka kicheko cha uchungu.

Mwaka 2016 nilikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto wangu wa pili. Nipo zamu za usiku, na kwenye wodi yangu kulikuwa na mzee mmoja mpole tu, mgonjwa wa moyo. Tatizo lilikuwa mwanawe. Usiku wa kwanza alisema hataki "huyu" amguse baba yake. Nikamwita mwenzangu, nikaripoti. Usiku wa pili akaongeza maneno ya rangi yangu, na mengine kuhusu watu wanaokuja kuzaa kwenye nchi za watu. Nikaripoti tena. Usiku wa tatu aliyasema kwa sauti, wodi nzima imesikia, mzee wa watu amefunika uso kwa shuka kwa aibu. Asubuhi meneja akaniita. Kwa upole, sitamsingizia, akasema ataniondoa mimi nihamie wodi nyingine mpaka yule mgonjwa aruhusiwe, "ili upumzike". Yule kijana hakuambiwa lolote.

Nilimpigia mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, dada, ungenipigia miaka minne iliyopita ningekuwa na kifungu cha kukuonyesha. Hesabu ilikuwa kamili, mara mbili kabla na ya tatu juu. Kifungu tu ndicho hakikuwepo.

Kwa hiyo nikisikia "kesi moja tu" najua maana yake. Sisi wodini hatuhesabu wagonjwa wa shinikizo la damu kwa kuangalia waliofika chumba cha wagonjwa mahututi. Wengi hawafiki huko. Wanahamishwa wodi, wanaacha kazi, wanakaa kimya kwa sababu mtoto anazaliwa mwezi wa tisa na kodi ya nyumba haisubiri.

Na siyo hisia zangu. Tume ya usawa na haki za binadamu ya hapa na serikali walifanya utafiti mkubwa, ukatoka 2015 na 2016. Mama mmoja kati ya tisa alisema alifukuzwa, au alipunguzwa kazi wenzake wakiachwa, au alitendewa vibaya mpaka akaona bora aondoke. Walikadiria kwamba kwa nchi nzima ni hadi wanawake 54,000 kwa mwaka. Waliofungua kesi mahakama ya kazi hawakufika hata asilimia moja.

Kwenye kipindi hicho hicho, Julai 2013, serikali ilikuwa imeweka ada za kufungua kesi. Kesi ya ubaguzi, pamoja na kusikilizwa, pauni 1,200. Kwa mama anayeishi kwa malipo ya likizo ya uzazi! Kesi zikaanguka kwa karibu theluthi mbili. Chama cha UNISON, ambacho manesi na wahudumu wa afya wengi ni wanachama wake, kikapeleka serikali mahakamani, kikapigwa chini mara kadhaa, kikaendelea, na tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu ikasema ada hizo ni kinyume cha sheria. Utamu ni kwamba moja ya hoja zilizokubaliwa ilitoka ndani ya Sheria ya Usawa yenyewe: ada za kesi za ubaguzi zilikuwa kubwa kuliko za kesi nyingine, na wanaofungua kesi hizo kwa wingi ni wanawake.

Kuna kipengele kingine ambacho hakikuwahi hata kuanza, na watu wengi hawakijui. Sheria ilikuwa na kifungu cha ubaguzi wa sababu mbili kwa pamoja, yaani unabaguliwa siyo kwa sababu wewe ni mwanamke tu, wala mweusi tu, bali kwa sababu ni mwanamke mweusi. Mwaka 2011 serikali ikatangaza haitakianzisha, ili kuwapunguzia gharama wafanyabiashara. Rudi sasa kwenye ile namba ya mwanzo ya mama weusi wanaofariki. Hao hawakufa kama wanawake upande mmoja na weusi upande wa pili. Mama anapolalamika maumivu akaambiwa "nyie mna nguvu, vumilia", hilo neno linamlenga yeye mzima. Nimelisikia kwa masikio yangu, likisemwa kwa tabasamu. Kwangu mimi hiki ndicho walichokosea zaidi, na kilikuwa cha bei ndogo kuliko vyote.

Mambo mengine yamerudi. Tangu tarehe 26 Oktoba 2024 mwajiri ana wajibu wa kuzuia unyanyasaji wa kingono kabla haujatokea, siyo kusubiri malalamiko. Na sheria mpya ya haki za kazi iliyopitishwa Desemba 2025 inarudisha lile la kunyanyaswa na watu wa nje, safari hii bila kusubiri mara tatu. Limepangwa kuanza Oktoba 2026. Waliofuta 2013 walisema linalemea waajiri. Miaka kumi na mitatu manesi tulilibeba sisi, na wahudumu wa mikahawa, na akina dada wa madukani.

Haya, mambo ya mkononi sasa, maana najua mnasubiri.

Ulinzi wa ujauzito dhidi ya ubaguzi unaanza siku ya kwanza ya kazi. Usidanganywe kwamba mpaka utimize miaka miwili. Kama umeajiriwa, muda wa kwenda kliniki ya wajawazito unalipwa. Ukishamwambia mwajiri kwamba una mimba, tangu Aprili 2024 una kipaumbele cha kupewa nafasi nyingine inayofaa kama wanapunguza watu, na ulinzi huo unafika mpaka miezi 18 baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa hiyo mwambie kwa maandishi, tarehe ibaki.

Kunyonyesha kwenye mkahawa, basi, maktaba: hawaruhusiwi kukutoa wala kukuambia ukajifiche chooni. Ila kazini, na hili linawashangaza wa nyumbani, sheria ya Uingereza haikupi muda maalumu wa kunyonyesha. Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku. Mnaosoma mkiwa Dar, Mwanza na Mbeya, hizo saa mbili ziombeni. Siku mtakapoambiwa zinawalemea waajiri, mtakuwa mmeshasoma hapa.

Ukibaguliwa, muda wa kwenda mahakama ya kazi ni miezi mitatu kasoro siku moja. Umepangwa kuongezwa uwe miezi sita, lakini mpaka mabadiliko yaanze rasmi wewe hesabu mitatu. Kabla ya mahakama lazima upitie usuluhishi wa ACAS, nao ni bure.

Na ile fomu ya maswali iliyofutwa? Fomu ndiyo iliyofutwa, kuuliza hakujafutwa. ACAS wana mwongozo wa namna ya kuuliza, na mahakama bado inaweza kuangalia kama mwajiri alikataa kujibu. Andika barua pepe fupi: tarehe fulani mlinifanyia hivi, naamini ni kwa sababu ya ujauzito wangu, naomba mnieleze sababu, na naomba kujua wenzangu wa cheo kama changu walitendewaje. Weka tarehe ya kujibiwa. Jitumie nakala kwenye anwani yako binafsi, siyo ya kazini, maana siku ukifungiwa akaunti ya kazini utabaki huna kitu.

Kuhusu kile kiboksi, dada yangu, mwambie shemeji nimesema wasiwasi wake naulewa. Hospitali haiwezi kukulazimisha, kuna na sehemu ya kusema hutaki kutaja. Mimi wanangu wote watatu nilijaza.

Leo nipo zamu ya usiku, nikitoka nalala. Mlioniandikia kuhusu barua za waajiri nitawajibu kesho kuanzia saa kumi jioni, mmoja mmoja. Ukituma picha ya barua, funika jina lako na la kampuni kwanza.